Silabasi Bila Mtihani: Kiswahili katika Mtalaa wa Shule za Msingi za Kenya, 1964–1985

Utangulizi

Mwaka 1964 Tume ya Elimu ya Kenya, iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, ilipendekeza kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Mwaka 1985 wanafunzi wa darasa la nane waliketi kwa mara ya kwanza kuufanya mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi uliokuwa na karatasi ya Kiswahili. Baina ya tarehe hizo mbili ipo miaka ishirini na mmoja. Katika muda huo somo hili lilikuwa na pendekezo la tume, likawa na silabasi, likawa na vipindi katika ratiba ya juma, na vitabu navyo vikaandikwa. Kitu lililokosa ni kimoja tu, nacho ni kipimo.

Historia ya Kiswahili katika elimu ya Kenya aghalabu husimuliwa kama historia ya sera: nani alikikubali, nani alikikataa, na kwa sababu gani. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kueleza kwa nini sera iliyokikubali Kiswahili waziwazi iliweza kukaa miaka mingi bila ya kuzaa matunda madarasani. Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka upande wa ulinganifu wa mtalaa. Je, yale yaliyoamriwa na silabasi yalilingana na yale yaliyofundishwa na mwalimu, na yote hayo yalilingana na yale yaliyopimwa mwishoni? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika shule za Kenya kipimo ndicho kilichokuwa na amri. Kiswahili kilipokosa kipimo kilififia licha ya sera nzuri. Na kilipokipata kilistawi, lakini wakati huohuo kikaanza kujikunja hata kikafanana na kipimo chenyewe.

Usanifishaji kama kazi ya mtalaa

Haja ya kuwa na kiwango kimoja cha masomo kwa shule nyingi haikuanza na uhuru. Kwa hakika Kiswahili Sanifu chenyewe ni zao la haja hiyo. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulizungumzia tatizo la vitabu vya shule vilivyoandikwa kwa lahaja na tahajia mbalimbali. Mwaka 1928 mkutano mwingine ulifanyika Mombasa, na hapo Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu. Tarehe 1 Januari 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza.

Yafaa ieleweke kwamba kamati hiyo haikuundwa ili kuichunguza lugha kwa ajili ya elimu ya isimu peke yake. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ni kuhakikisha kwamba kitabu kilichochapishwa kwa ajili ya shule za nchi moja kingeweza kutumika katika nchi ya pili bila ya kumbabaisha mwalimu wala mwanafunzi. Ilisahihisha miswada, ilisimamia tahajia, ilitayarisha kamusi, na ilitoa ithibati kwa vitabu ilivyoviona kuwa vinafaa. Neno "sanifu", kwa maana hiyo, lilianza maisha yake kama kiwango cha kitabu cha shule, na baadaye ndipo lilipokuwa jina la lugha.

Uteuzi huo ulikuwa na gharama yake, na sehemu kubwa ya gharama hiyo iliangukia upande wa Kenya. Kimvita kilikuwa na ushairi uliokomaa, na wamisionari wa Mombasa walikuwa wamekitumia tangu siku za Krapf. Mtoto wa Mombasa, ambaye nyumbani kwao husema "ndia", "mato" na "ndoo", alifika shuleni akafundishwa kwamba maneno yaliyo sahihi ni "njia", "macho" na "njoo". Tahajia iliyoteuliwa nayo haikuonyesha tofauti za matamshi ambazo Kimvita huzitumia kutenga maana za maneno. Malalamiko ya wenyeji yalisikika mapema na hayakukoma. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa sababu swali la nani anayemiliki kiwango lilirudi tena miaka mingi baadaye, mtihani wa taifa ulipofika.

Sera zilizoyumba

Wakati kamati ikijenga lugha ya vitabu, nafasi ya vitabu hivyo katika shule za Kenya haikuwa imara. Mkutano wa madhehebu ya kimisheni uliofanyika Nairobi mwaka 1909 ulikuwa umekubaliana kwamba lugha ya mama itumike katika madarasa matatu ya kwanza, Kiswahili katika madarasa mawili yanayofuata, kisha Kiingereza. Mpango huo ulikipa Kiswahili kazi ya daraja: mwanafunzi alipita juu yake akielekea kwingine. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, haikuona haja ya daraja hilo nje ya sehemu ambazo Kiswahili kilikuwa ni lugha ya wenyeji. Ujumbe wa Binns, ambao taarifa yake ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulishikilia mawazo ya namna hiyohiyo, na Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953–1955 ikaona kwamba kumfundisha mtoto Kiswahili kama lugha ya pili ni kupoteza wakati na nguvu.

Mwaka 1957 kituo maalumu kilianzishwa Nairobi ili kutayarisha njia mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Njia hiyo ilianza katika shule za watoto wa Kihindi, kisha ikaenea katika shule za Waafrika. Ilikuja na vitabu vyake, na miongozo ya walimu, na wakaguzi waliopita shule kwa shule kuwasaidia walimu. Yaani tangu mwanzo Kiingereza kilipewa mtalaa mzima: shabaha, zana, mwalimu na kipimo, kila kimoja kikimtegemea mwenzake. Ni muhimu kuuona ukamilifu huo, kwa sababu ndio uliokosekana upande wa pili.

Pendekezo la 1964 na mtihani wa C.P.E.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilirithi mifumo ya shule iliyotengwa kwa misingi ya rangi: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Tume ya Ominde ilipewa kazi ya kupendekeza mfumo mmoja wa taifa. Juu ya lugha, tume iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na ikapendekeza kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, kwa kuwa ni chombo cha umoja wa taifa na cha mawasiliano na majirani. Katika karatasi, hilo lilikuwa badiliko kubwa. Lugha ambayo miaka kumi nyuma ilihesabiwa kuwa upotevu wa wakati ilitajwa sasa kuwa haki ya kila mtoto.

Hata hivyo, mwaka 1966 ulianza mtihani wa C.P.E. uliochukua mahali pa mtihani wa zamani wa K.P.E. Karatasi zake zilikuwa tatu: Kiingereza, Hesabu, na karatasi ya masomo ya jumla iliyochanganya Historia, Jiografia na Sayansi. Kiswahili hakikuwamo. Mtihani huo ndio ulioamua nani angeingia shule ya upili ya serikali na nani angebaki nje, na nafasi zilikuwa chache mno kuliko watahiniwa. Kwa mzazi wa shamba aliyeuza mbuzi ili alipe karo, C.P.E. ulikuwa mlango mmoja tu, na mlango huo haukufunguliwa kwa Kiswahili.

Matokeo yake yanaeleweka kwa urahisi. Mwalimu wa darasa la saba, aliyejua kwamba yeye na shule yake watapimwa kwa idadi ya wanafunzi watakaoitwa katika shule za upili, hakuwa na sababu ya kukitumia kipindi cha Kiswahili kwa Kiswahili. Katika shule nyingi kipindi hicho kilibaki katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini saa yake ilipofika kilikuwa cha Hesabu au cha Kiingereza. Mwalimu huyo hakuwa mvivu wala hakuwa adui wa lugha ya taifa. Alikuwa anausoma mtalaa kama ulivyokuwa kweli, si kama ulivyoandikwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Somo bila mtihani nalo liliisha vivyo hivyo, kipindi kwa kipindi, bila ya mtu kutoa amri kwamba liondolewe.

Walimu, vitabu na wingi wa wanafunzi

Ukosefu wa kipimo haukukaa peke yake, bali ulivuta ukosefu mwingine. Somo lisilotahiniwa halina haraka ya kupatiwa mwalimu aliyefunzwa. Mara nyingi Kiswahili kilikabidhiwa mwalimu yeyote aliyetoka Pwani, au aliyewahi kuishi mjini, kwa dhana kwamba anayeweza kukizungumza anaweza pia kukifundisha. Wachapishaji nao huchapisha kile kitakachonunuliwa, na mzazi hununua kile kitakachoulizwa. Hivyo basi vitabu vya Kiswahili vilikuwa vichache kuliko vya Kiingereza, na mwalimu asiye na kitabu aliangukia nakala ya mazoezi ya sarufi ya zamani, ambamo ngeli zilipangwa kama hesabu za kukariri.

Hali hiyo ilizidishwa uzito na wingi wa wanafunzi. Kuanzia mwaka 1974 serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka karibu milioni 1.8 mwaka 1973 hadi zaidi ya milioni 2.7 mwaka 1974. Walimu wasiofunzwa waliajiriwa kwa maelfu. Katika msongamano huo, mwalimu mkuu aliyelazimika kuamua ni somo gani lisubiri alikuwa na jibu tayari.

Linganisho na Tanzania linasaidia hapa. Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi nchini humo. Haikuwezekana mtoto amalize shule bila ya kupimwa kwa Kiswahili, kwa kuwa hata Hesabu na Historia alizijibu kwa lugha hiyo. Tofauti baina ya nchi hizi mbili mara nyingi huelezwa kuwa ni ya mapenzi ya viongozi kwa lugha. Mapenzi yalikuwapo, bila shaka. Lakini nchi moja iliyaingiza mapenzi hayo katika kazi za kila siku za shule, hali nyingine iliyaacha katika ripoti.

Sauti za miaka ya 1970

Katika muongo wa 1970 pengo baina ya sera na darasa lilizidi kuonekana. Mwaka 1970 chama cha KANU kiliazimia kukifanya Kiswahili lugha ya taifa. Mwezi wa Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza kwamba Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge. Kuanzia hapo Mbunge aliweza kutakiwa kuitetea hoja yake kwa Kiswahili, ilhali mtoto wa mpiga kura wake aliweza kuimaliza elimu ya msingi bila ya yeyote kumwuliza kama anakijua. Katika shule za upili Kiswahili kilikuwa kikitahiniwa tangu zamani, kwanza chini ya Cambridge, kisha chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1967. Lakini wanafunzi waliolichagua somo hilo walilifikia bila ya msingi wa kutegemewa. Nyumba ilijengwa kutoka ghorofani.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika muongo huohuo wataalamu wa mitihani nchini Kenya walikuwa wamekwisha kutambua nguvu ya mtihani juu ya ufundishaji. Baada ya ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa kuichunguza Kenya mwaka 1972 na kulaumu jinsi mitihani ilivyohimiza kukariri, maswali ya C.P.E. yalianza kubadilishwa ili yapime fikra na maarifa ya maisha ya mtoto wa kijijini. Walimu walitumiwa maelezo ya makosa yaliyofanywa na watahiniwa ili wayarekebishe. Msingi wa mageuzi hayo ulikuwa wazi: ukitaka kubadili yale yanayofundishwa, badili yale yanayoulizwa. Msingi huo ulitumiwa kwa Sayansi, kwa Hesabu na kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili haukuweza kutumiwa, kwa kuwa hapakuwa na swali la kubadilishwa.

Mwaka 1976 Kamati ya Taifa ya Malengo na Sera za Elimu, iliyoongozwa na Peter Gachathi, ililigusa jambo lenyewe. Ilipendekeza kwamba Kiswahili kiwe cha lazima na kitahiniwe. Kutajwa kwa utahini pamoja na ulazima ndiko kulikoitofautisha ripoti hiyo na ile ya 1964. Mwaka 1980 Baraza la Mitihani la Kenya liliundwa kwa sheria ya Bunge, na mwaka 1981 jopo la Rais lililoongozwa na Colin Mackay, lililoteuliwa kuchunguza habari za kuanzisha chuo kikuu cha pili, lilipendekeza mfumo mpya wa miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu. Chini ya mfumo huo wa 8-4-4 Kiswahili kiliingia katika mtihani.

Mwaka 1985 na athari zake

Katika mtihani wa K.C.P.E. Kiswahili kilipewa karatasi ya lugha na karatasi ya insha, kwa usawa na Kiingereza. Karatasi ya lugha ilikuja kuwa ya maswali hamsini ya kuchagua jibu, na insha ikawa ya alama arobaini. Mwaka 1989 mtihani wa kwanza wa K.C.S.E. ulikifanya Kiswahili kuwa cha lazima hadi kidato cha nne.

Yaliyofuata yalithibitisha kwamba kizuizi hakikuwa watoto wala wazazi. Kipindi cha Kiswahili kilirudi mahali pake katika ratiba. Vyuo vya ualimu vililazimika kufundisha mbinu za somo hilo, na vyuo vikuu vikapata wanafunzi wengi waliotaka kulisomea kwa sababu ajira ilikuwapo. Taasisi ya Elimu ya Kenya iliita majopo ya walimu, wakaguzi na wahadhiri kuandika na kuirekebisha silabasi. Wachapishaji walioona soko wakashindana, na mtoto wa Turkana na wa Kisii, wa Garissa na wa Kakamega, wote wakawa na kitabu cha Kiswahili mkononi.

Fasihi ilinufaika kwa namna ya pekee. Kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa kilisomwa katika kila shule ya upili nchini, na mwandishi wa Kenya akajua kwamba wapo wasomaji. Riwaya kama Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ziliwafikia vijana ambao vinginevyo wasingezigusa. Ni vigumu kuwaza jinsi kizazi cha waandishi wa Kiswahili kutoka bara la Kenya, ambao lugha zao za kwanza si Kiswahili, kingalivyotokea bila ya amri hiyo ya mtihani.

Kipimo kilipogeuka mtalaa

Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nguvu ileile iliyoliokoa somo ndiyo iliyoanza kulibana. Silabasi ya Kiswahili ilitaja stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtihani wa shule ya msingi ulipima mbili za mwisho, na katika kuandika wenyewe sehemu kubwa ya alama ilitokana na kuchagua herufi moja kati ya nne. Kusikiliza na kuzungumza, ambazo ndizo sababu iliyotajwa na Tume ya Ominde ilipozungumzia umoja na mawasiliano, zikawa mahali palepale ambapo Kiswahili kizima kilikuwa kabla ya 1985: ndani ya silabasi, nje ya kipimo. Na yaliyozipata ni yaleyale.

Vitabu vya marudio vilionyesha jinsi somo lilivyojikunja. Kurasa nzima zilijaa majina ya makundi na ya watoto wa wanyama: thureya ya nyota, bumba la nyuki, shibli wa simba. Hakuna ubaya katika kuyajua maneno hayo, na baadhi yake ni hazina ya kweli. Ubaya ulitokea pale mwanafunzi alipoweza kuyataja yote bila ya kuweza kumwelekeza mgeni njia ya kwenda zahanati. Maneno hayo yalipendwa na watunga maswali kwa kuwa yana jibu moja lisilobishaniwa, na mwalimu akayafundisha kwa kuwa yaliulizwa. Insha nazo zikapata desturi zake. Nyingi zilianza kwa mawio ya jua na sauti za ndege, zikapambwa kwa methali na tashbihi zilizokaririwa, mradi msahihishaji aone kwamba mapambo yapo.

Swali la mwaka 1928 nalo lilirudi. Kwa mtoto wa bara, Kiswahili cha mtihani kilikuwa lugha ya kujifunza, na kosa lake lilikuwa kosa la mwanafunzi. Kwa mtoto wa Mombasa, Lamu au Vanga, baadhi ya makosa aliyokatiwa alama yalikuwa ni lugha ya mama yake. Kipimo kimoja kwa nchi nzima ni haki kwa upande mmoja, kwa sababu hakimpendelei mtu. Kwa upande wa pili kilimweka mwenye lugha katika hali ya kuonekana kuwa haijui. Tatizo hilo haliponyeki kwa kukiacha kiwango. Linapungua pale watunga maswali wanapotofautisha baina ya kosa na lahaja, na pale silabasi inapomfundisha kila mtoto, wa bara na wa pwani, kwamba Kiswahili Sanifu kiliteuliwa na watu, katika mwaka unaojulikana, kwa sababu zinazojulikana.

Itakuwa si haki, hata hivyo, kuulaumu mtihani peke yake. Karatasi ya insha, pamoja na desturi zake zote, ilimlazimisha mamilioni kwa mamilioni ya watoto kuandika aya zao wenyewe kwa Kiswahili. Kizazi cha C.P.E. hakikupata lazima hiyo. Kasoro haikuwa katika kupima, bali katika kupima sehemu na kuiita nzima.

Hitimisho

Historia hii ina mafunzo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kwamba silabasi, mwalimu, kitabu na mtihani ni mafiga ya jungu moja. Lililowekwa juu ya figa moja humwagika. Tume ya 1964 iliweka figa la silabasi ikadhani jungu limekaa. La pili ni kwamba mtihani, ukiachwa uwe ndio figa kubwa kuliko yote, huliinamisha jungu upande wake. Ulinganifu wa kweli si silabasi kuufuata mtihani, wala mtihani kuwekwa kama kiraka baada ya silabasi kuandikwa. Ni vyote viwili kutungwa kwa shabaha moja, na wale wanaotunga kimoja kuketi pamoja na wale wanaotunga kingine.

Mafunzo hayo hayajapitwa na wakati. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mwaka 2013 kazi za Taasisi ya Elimu ya Kenya zilichukuliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Mtalaa wa umilisi uliingia madarasani nchini kote mwaka 2019, na mwaka 2023 mtihani wa K.C.P.E. ulifanywa kwa mara ya mwisho. Katika mpango mpya tathmini zinazofanywa na mwalimu shuleni zinachangia sehemu ya alama za mwanafunzi. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru upo uwezekano wa kumpima mtoto akisikiliza na akizungumza, kwa kuwa mwalimu aliye mbele yake ndiye anayempima.

Uwezekano huo ni mkubwa, na hatari yake ni ya zamani. Ikiwa alama za mazungumzo zitajazwa katika fomu bila ya mazungumzo kufanyika, kusikiliza na kuzungumza zitarudi katika ratiba ya ukutani, mahali ambapo Kiswahili kizima kiliwahi kukaa miaka ishirini na mmoja. Idara za lugha za vyuo vikuu, ambazo ndizo zinazowafunza walimu hao na ambazo wahadhiri wake huketi katika majopo ya silabasi, hazina budi kutayarisha vigezo vya kupima usemi ambavyo mwalimu mwenye wanafunzi sitini anaweza kuvitumia katika kipindi kimoja. Mwaka 1964 kazi kama hiyo haikufanywa, na waliolipa gharama ni watoto walioimaliza shule ya msingi wakiwa na lugha ya taifa katika silabasi yao, na si katika vinywa vyao.